Staa akitokea tu, vita inaisha: kwa nini filamu za vita zisichezwe na sura tusizozijua?

#1 Mtazamaji Mkongwe

Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Kila nikiangalia picha la vita lenye staa mkubwa, vita siioni tena, namwona staa. Akiingia tu na kofia yake ya chuma nimeshajua huyu ndiye steringi, na steringi hafi. Mabomu yatapasuka kulia na kushoto, wenzake watakwisha mmoja mmoja, yeye ataparuzwa begani afungwe kitambaa aendelee. Sasa hofu itoke wapi?

Chukueni The Longest Day ya 1962. John Wayne anacheza kama Luteni Kanali Benjamin Vandervoort, kamanda wa askari wa miavuli waliorukia Normandy. Siku ile ya tarehe 6 Juni 1944 Vandervoort mwenyewe alikuwa na miaka 27. Wayne alikuwa ameshavuka 50. Unachokiona ni baba mtu mzima anayewaelekeza wanawe, wakati ukweli ulikuwa kijana aliyebebeshwa roho za vijana wenzake. Hizo ni hadithi mbili tofauti kabisa, na kwangu ile ya pili ndiyo inayotisha.

Msimamo wangu: filamu ya vita ipewe watu tusiowajua. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kifaru_Butu

Nabisha mkuu, na nakuletea Saving Private Ryan mezani. Tom Hanks ni staa wa mastaa, na anakufa. Tena kifo chake kinauma kwa sababu ni Hanks. Angekuwa mtu usiyemjua ungesema "kapteni kafa" ukaendelea kutafuna bisi.

Halafu angalia walivyomsuka. Nusu ya filamu askari wake wanacheza kamari kubahatisha alikuwa na kazi gani kabla ya vita. Hasemi. Mkono wake unatetemeka, anauficha. Anakuja kutamka kwamba ni mwalimu wa shule pale tu kikosi kinapotaka kuvunjika, mmoja kashaamua kuondoka, mwingine kamnyooshea mwenzake bastola. Ile sentensi moja inawazima wote. Hiyo kazi ilihitaji mtu ambaye watazamaji tayari wanamwamini.

#3 Mtazamaji Mkongwe

Kifaru, kafa lini? Dakika za mwisho, kazi imekwisha, Ryan waliyetumwa kumtafuta yuko hai, na anapata hadi maneno ya kuaga. Huko ni kustaafu kwa heshima. Vita haisubiri umalize sentensi.

Linganisha na The Thin Red Line, ya mwaka huohuo wa 1998. Woody Harrelson, naye jina kubwa, anajivuta pini ya guruneti lake mwenyewe kwa bahati mbaya. Basi. Anabaki kushangaa kama mtu aliyemwaga chai. Pale ndipo nilipoogopa.

#4 Zamaradi77

Nami niongeze kidogo. Kwenye hiyo Saving Private Ryan, waigizaji walipelekwa mafunzo ya kijeshi kabla ya kuanza kurekodi, mvua, matope, kulala nje, chini ya Dale Dye ambaye ni mwanajeshi mstaafu. Matt Damon, anayemcheza Ryan, peke yake akaachwa nyumbani kwa makusudi, ili wenzake wamchukie. Maana hadithi yenyewe ni ya watu wanaohatarisha maisha kumtafuta mtu mmoja ambaye hawamjui. Ndiyo maana wakimpata yale macho wanayomtazama nayo si ya kuigiza.

Ndiyo maana ikachukua Oscar ya filamu bora.

#5 Msoma Ramani

Dada Zamaradi, hapo mwisho hapana. Ilichukua Oscar tano, ikiwemo ya mwongozaji bora kwa Spielberg, lakini filamu bora mwaka ule ilikuwa Shakespeare in Love. Watu wanalia nayo mpaka leo.

Na kuhusu Damon kuna jambo linalomgusa Mkongwe moja kwa moja. Walipomchagua hakuwa maarufu. Walitaka kijana wa kawaida tu. Ikatoka Good Will Hunting mwishoni mwa 1997, kufikia Julai 1998 dunia nzima inamjua. Kwa hiyo hata ukichagua sura mpya, huna uhakika itabaki mpya.

#6 Zamaradi77

Nimesahihishwa, asante mkuu.

#7 Luteni_Usu

Habari za jioni. Mimi nimevaa gwanda miaka kumi na moja, kwa hiyo nina jicho langu.

Jina la mwigizaji halinisumbui. Naangalia vidole. Mtu aliyefundishwa hawezi kutembea na kidole kwenye triga. Kinalala pembeni, nje, mpaka wakati wa kufyatua. Ukiona mtu anakimbia uwanja mzima kidole ndani, anamlenga mwenzake mgongoni bila kujua, ujue hakuna aliyemfundisha, awe staa au asiwe. Pili naangalia anavyoibeba silaha akichoka. Bunduki ina uzito. Baada ya saa sita unaihamisha bega hadi bega, mkanda unakukata shingo, unatafuta pa kuiegemeza. Kwenye filamu wanaishika kama fimbo ya bendi.

Jambo la tatu ni kusubiri. Vita kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Filamu iliyoliweza hilo ni Das Boot ya 1981. Watu wamo ndani ya nyambizi, hakuna risasi kwa muda mrefu, wanatazama juu tu wakisikiliza meli ya adui inavyopita. Mwongozaji alirekodi kwa kufuata mtiririko wa hadithi ili ndevu zikue kweli, na waigizaji walizuiwa kutoka juani ili wapauke. Ule weupe wa ugonjwa unaouona hakupakwa mtu poda.

Kwa hiyo Mkongwe, tatizo lako ni maandalizi. Sura unaisingizia.

#8 Mtazamaji Mkongwe

Luteni, Das Boot inanisaidia mimi. Mara ya kwanza kuiona sikumjua hata mmoja. Mpaka wanafika bandarini mwisho kabisa sikuwa na la kushikilia. Na kilichotokea bandarini unakijua. Wasioiona siwaharibii.

#9 Msoma Ramani

Mkongwe, nakubana hapa. Sura ngeni zina gharama yake. Black Hawk Down ya 2001: vijana wote vichwa vimenyolewa, gwanda moja, vumbi moja, kelele juu. Ilibidi waandike majina mbele ya helmeti ili mtazamaji ajue nani ni nani. Na humo kulikuwa na Orlando Bloom na Tom Hardy, ambao wakati ule hawakuwa majina makubwa. Mimi nilimaliza filamu sijui nani alikufa lini.

Ukijaza watu 20 wasiojulikana, mtazamaji atamlilia nani? Sura ya staa ni kama alama kwenye ramani. Unapotea, unaitafuta, unarudi njiani.

#10 Kifaru_Butu

Hahaha, Msoma Ramani na ramani zako. Ila umenena. Dunkirk nayo, ile ya askari wa Uingereza waliozingirwa ufukweni Ufaransa: wale vijana watatu wa ufukweni wote nywele nyeusi, wote wamelowa, nusu saa nzima namwita huyu jina la yule. Mke wangu akaniuliza "huyu si alishazama?" Sikuwa na jibu.

#11 Zamaradi77

Lakini kaka Kifaru, si ndiyo hali yenyewe? Pale ufukweni walikuwa mamia ya maelfu. Waliookolewa tu wanazidi laki tatu. Kila mmoja alikuwa kijana aliyelowa anayetaka kwenda kwao. Mimi kuchanganyikiwa kule nilikupenda.

#12 Jicho la Pembeni

Wakuu mnasema "sura ngeni" kana kwamba ni ngeni kwa kila mtu. Ngeni kwa nani?

Letters from Iwo Jima, 2006. Yule askari Saigo, muoka mikate aliyelazimishwa kwenda vitani akamwacha mkewe mjamzito. Mimi nilimwona kama kijana yeyote, nikaumia naye. Baadaye sana ndipo nikajua ni Kazunari Ninomiya, mwimbaji wa kundi la Arashi, ambaye Japani yote inamjua. Mtazamaji wa kule aliona staa wake amefukia kichwa kwenye handaki. Filamu moja, lakini kila mmoja wetu ameona yake.

Hata Dunkirk, mtu wa umri wangu alimwona askari fulani wa kawaida. Binti wa dada yangu alipiga kelele sebuleni: "Harry Styles!"

#13 Mtazamaji Mkongwe

Jicho, hapo umenigusa pabaya. Sikuwahi kulitazama hivyo. Nipe muda nilitafakari.

#14 Mama Pili

Hamjambo wanangu. Nimesoma tangu #1 nikisubiri mtu aliseme, naona kimya.

Mnagombana staa gani apewe uhusika. Mimi nauliza nani anapewa uso kabisa. Hiyo Black Hawk Down mliyoitaja ni ya Mogadishu, tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Ilirekodiwa Moroko. Wasomali waliomo wanakimbia, wanapiga kelele, wanaanguka. Hakuna mwenye mama, hakuna mwenye jana. Filamu ikiisha yanapita majina ya askari wa Kimarekani waliokufa, jina kwa jina, na ni haki yao. Wasomali wakapewa tarakimu moja kwa jumla.

Majina kwenye helmeti, Msoma Ramani, yaliandikwa ili umfahamu nani? Hilo ndilo swali langu.

#15 Luteni_Usu

Shikamoo mama. Naelewa uchungu wako, ila niitetee kidogo. Ile hadithi imesimuliwa kwa jicho la askari aliye ndani ya mtego usiku ule. Ukiwa kwenye mapigano humwoni mtu, unaona mwako kwenye dirisha. Mwongozaji angetuingiza nyumba ya pili tukamwona baba mwenye watoto, angekuwa anatupa kitu ambacho askari wake hawakuwa nacho. Ni uchaguzi wa usimulizi. Si lazima iwe dharau.

#16 Mama Pili

Marahaba mwanangu. Uchaguzi ni uchaguzi, lakini unapochaguliwa upande uleule kila mara, unakoma kuwa uchaguzi. Clint Eastwood aliipiga Iwo Jima mara mbili mwaka mmoja: Flags of Our Fathers kwa jicho la Wamarekani, halafu Letters from Iwo Jima, karibu yote kwa Kijapani. Kisiwa kilekile. Ukiangalia ya pili, ule mwako wa dirishani unapata mtu nyuma yake. Inawezekana basi.

#17 Jicho la Pembeni

Mama amemaliza.

#18 Msoma Ramani

Hajamaliza, samahani mama yangu. Kuna suala la fedha hapa hatuligusi. Mastaa wanachaguliwa kwa sababu filamu ya vita ni ghali. Vifaru, mabomu, watu mia tano wa kukimbia. Mwenye fedha anataka uso wa kuweka kwenye bango.

Na si lazima uso huo uharibu. Indigènes ya 2006 inawahusu wanajeshi wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili. Jamel Debbouze alikuwa mchekeshaji maarufu sana Ufaransa, na alikuwa mmoja wa watayarishaji. Umaarufu wake ndio uliosukuma mlango. Waigizaji watano wa filamu ile wakapewa pamoja tuzo ya mwigizaji bora kule Cannes. Na mwaka uleule serikali ya Rais Chirac ikatangaza kupandisha pensheni za wale wazee wa makoloni, ambazo zilikuwa zimegandishwa miaka na miaka. Mkongwe, ungewaweka watu wasiojulikana, nani angeiangalia?

#19 Mwana wa Ukingoni

Msoma Ramani, Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, alishaisimulia dhuluma ya aina hiyo bila staa. Camp de Thiaroye, 1988: askari wa Afrika Magharibi wanarudi kutoka vitani Ulaya, wanadai malipo yao, wanapigwa risasi na jeshi lilelile walilolipigania, tarehe 1 Desemba 1944, hapo nje ya Dakar. Yule askari Pays aliyetoka kambi ya Wajerumani bila sauti, anashika seng'enge ya kambi kwa vidole kuhakikisha yuko wapi, na hataki kuamini yuko nyumbani. Sijui kama staa angeiweza.

Ila upande wa watazamaji uko sahihi. Waliomwona Pays ni wachache mno.

#20 Kifaru_Butu

Tukiwa kwenye dhuluma, U-571 (2000) mnaisemaje? Wamarekani wanateka Enigma, mashine ya kuandikia ujumbe wa siri, kutoka nyambizi ya Kijerumani. Ukweli ni manowari ya Kiingereza, HMS Bulldog, iliyoikamata kwenye U-110 mwezi Mei 1941, Marekani haijaingia vitani. Suala likafika hadi bunge la Uingereza. Mimi ni shabiki wa filamu za nyambizi, lakini ile nilijisikia nimedanganywa usoni.

#21 Bahari_Shwari

Samahani naingia katikati. Nimewahi kuwa mtu wa umati kwenye filamu ya vita. Sitaitaja wala waliotengeneza.

Nilikuwa maiti siku mbili. Walinilaza kwenye matope alfajiri, wakanimwagia damu ya sharubati yenye rangi, nzi wakaja. Ukijikuna wanasimamisha kila kitu. Steringi alipita kunirukia mara kumi na nne, nilihesabu kwa sababu kila mara kisigino chake kilitua karibu na sikio langu. Hakuna aliyetuambia hadithi ni ya nini. Nilimuuliza kijana wa redio tunamfia nani, akasema hata yeye hajui, kaambiwa tulale. Ilipotoka nikaenda kuitazama. Nimeonekana kiatu.

Tangu siku ile nikiangalia filamu ya vita siangalii mbele. Naangalia chini, nyuma ya steringi. Ukitaka kujua mwongozaji anawaheshimu watu, angalia alivyowalaza wafu wake.

#22 Luteni_Usu

Bahari, umeandika jambo. Pole kwa nzi.

#23 Mwana wa Ukingoni

Hii ya Bahari inanipeleka kwingine. Vipi wakicheza wenyewe waliopitia?

The Killing Fields, 1984. Haing Ngor hakuwa mwigizaji. Alikuwa daktari wa Kambodia aliyeokoka utawala wa Khmer Rouge. Mke wake alifariki akijifungua mbele yake, na yeye hakuweza kumsaidia, kwani angejulikana ni daktari wangeuawa. Miaka michache baadaye anasimama mbele ya kamera kumcheza mtu mwingine aliyeokoka. Akapewa Oscar.

Na Vita vya Algiers, ile ya 1966: karibu wote ni watu wa mitaani. Yacef Saadi, aliyekuwa kweli kiongozi wa wapigania uhuru wa Algeria huko Casbah, mtaa wa kale wa Algiers, anacheza uhusika unaotokana na yeye mwenyewe. Mwigizaji wa kazi ni mmoja mkubwa tu, Jean Martin, anayemcheza kanali wa Kifaransa. Naye katika maisha yake alitia saini tamko la kuipinga vita hiyohiyo.

#24 Zamaradi77

Kwa Haing Ngor mimi napata kigugumizi. Ni haki kumrudisha mtu pale? Tunampigia makofi kwa kulia vizuri, kumbe analia kweli.

#25 Mwana wa Ukingoni

Alikubali mwenyewe, dada. Alitaka dunia ijue.

#26 Zamaradi77

Najua alikubali. Bado napata kigugumizi.

#27 Nuru_ya_Asubuhi

Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeshindwa.

Nilikimbia vita nikiwa na miaka tisa. Sitataja wapi. Filamu zote zinakosea kwenye kuondoka. Wanaonyesha watu wanakimbia wakipiga mayowe. Sisi tuliondoka polepole. Mama alifagia kwanza. Alifunga mlango kwa ufunguo, akaufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake, tukafika njia panda akarudi kwa ajili ya sufuria. Baba alimgombeza kwa sauti ya chini. Aliirudia sufuria kweli, akaja nayo, na ndiyo iliyotupikia miezi saba. Ufunguo anao mpaka leo.

Sijawahi kuona filamu inayomfuata mwanamke aliyerudi kuchukua sufuria. Wakiitengeneza, hata wakimpa staa wa dunia nzima, mimi nitaiangalia.

#28 Mama Pili

Mwanangu Nuru, msalimie mama yako. Mwambie kuna mtu amesoma habari za sufuria yake.

#29 Kifaru_Butu

Nimekaa kimya dakika kumi kabla ya kuandika hapa. Asante kwa kutupa hilo, Nuru.

#30 Tumaini_Jr

Wakuu mmesahau filamu ya Vita Kuu ya Kwanza iitwayo 1917! Ile imerekodiwa mara moja tu bila kukata, na steringi wawili hawajulikani, halafu mmoja anakufa katikati. Mkongwe hapo kashinda mjadala.

#31 Msoma Ramani

Tumaini karibu. Haikurekodiwa mara moja. Ni vipande virefu vilivyoungwa kwa ustadi, na kuna mkato mmoja wa wazi kabisa pale anapozimia skrini ikawa nyeusi. Lakini kuhusu mastaa umepiga penyewe. Colin Firth na Benedict Cumberbatch wamewekwa kwenye ngazi za majenerali na makanali, dakika chache chache. Wanaotoa amri unawajua, wanaotumwa huwajui. Ule mgawanyo wenyewe unasimulia.

#32 Luteni_Usu

Hilo la 31 ni kweli hata kambini. Kamanda mkuu kila mtu anaijua sura yake. Kuruta hajulikani mpaka apotee.

Ongezeni ile ya Kijerumani ya 2022, All Quiet on the Western Front. Felix Kammerer ilikuwa filamu yake ya kwanza, mtu wa jukwaani. Mwanzo wake umenishika: askari anakufa, anavuliwa gwanda, linafuliwa, linashonwa matundu, linapewa kijana mpya. Anakuta kibandiko cha jina la mtu mwingine shingoni, anauliza, karani anakibandua anakitupa sakafuni. Hakuna maelezo. Na kijana huyo anakufa dakika za mwisho kabla ya saa tano ya kusitisha vita, kama kitabuni.

#33 Jicho la Pembeni

Luteni, kitabuni si hivyo. Kitabuni Paul, huyo anayechezwa na Kammerer, anakufa Oktoba 1918, siku tulivu kiasi kwamba taarifa ya jeshi inasema hakuna jipya upande wa magharibi. Hilo ndilo kisu chenyewe. Filamu ya 2022 imempa shambulio kubwa la mwisho, na mimi naona wamepoteza. Ile ya 1930 ilimwacha ananyoosha mkono kumshika kipepeo tu.

#34 Luteni_Usu

Umenisahihisha vizuri. Ila shambulio la mwisho nalitetea. Majenerali waliowatuma watu kufa asubuhi ya amani walikuwepo kweli.

#35 Mtazamaji Mkongwe

Nimerudi. Nimetafakari hoja ya Jicho siku nzima, na ile ya Bahari, na ya Nuru.

Umri sirudi nyuma. Vandervoort wa miaka 27 apewe kijana. Hilo mtanizika nalo. Kuhusu sura, nakubali kwamba ugeni uko kwenye jicho la mtazamaji, na Indigènes imenifunga mdomo. Lakini Msoma Ramani, helmeti zako bado sijazikubali. Mtu anaweza kutambulika kwa anavyotembea, anavyokunja mikono ya shati, anavyokula. Mwandishi mzuri anamtofautisha kijana kwa kijiko tu. Kama ilibidi kuandika jina, kuna mtu hakuandika skripti.

Jana usiku nimeangalia upya Come and See, ya 1985, Belarus ya 1943. Aleksei Kravchenko hakuwa amewahi kuigiza, mvulana tu. Walirekodi kwa kufuata mtiririko, miezi tisa. Anaanza akichimba bunduki mchangani anacheka, masikio yamechomoza. Mwisho ana mikunjo kwenye paji la uso kama babu. Niliisimamisha pale, nikarudi mwanzo kuhakikisha ni yuleyule.

#36 Kifaru_Butu

Ni yuleyule mkuu. Mimi nilirudisha mara mbili.

#37 Msoma Ramani

Mkongwe, hiyo ya kijiko nitaijibu kesho. Nina mfano wa kuwaonyesha, wa mpishi wa platuni.